Uchambuzi wa kisa: AP tano katika nyumba ya mawe ya Kiponda

Ni nyumba ya wageni ndani ya vichochoro vya Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Chini kuna mapokezi na makazi ya familia ya mwenye nyumba, juu kuna ghorofa mbili zenye vyumba vitano kila moja, na juu kabisa ni paa la wazi ambako wageni hukaa jioni. Katikati kuna ua mdogo. Lalamiko lilikuwa lile lile kila msimu: waifai ipo mapokezi, inasuasua kwenye ngazi, na mgeni akishafunga mlango wa chumba chake haipo tena. Watu walikaa kwenye vidato vya ngazi na laptopu mapajani, kwa kuwa hapo ndipo inaposhika. Baadhi waliandika hivyo kwenye maoni yao, na mwenye nyumba akaanza kuwakosa wageni anaowapenda zaidi, wale wa kukaa wiki tatu nne huku wakifanya kazi za ofisi za kwao kwa mtandao.

Kabla ya kuita mtu wa kupima alikuwa ameshanunua vifaa. Kulikuwa na kisanduku cha faiba alichofungiwa na mtoa huduma, ndani ya kabati nyuma ya kaunta. Baadaye zikaja ripita mbili za kuchomeka kwenye soketi, vile vifaa vya kuipokea waifai na kuirusha tena mbele, moja kila ghorofa. Mwisho ikaja ruta nyeusi yenye antena nane, imekaa juu ya kabati kama buibui aliyelala chali.

"Fundi, hii ina antena nane na bado haifiki ghorofa ya pili. Ipo yenye kumi na mbili?"

Swali la Bi mkubwa, yaani mwenye nyumba, lilikuwa la haki. Boksi la ruta ile limeandikwa ahadi za kufika kila pembe ya nyumba, na dukani aliuziwa ahadi hizo. Lakini nyumba haikuhitaji mawimbi makali zaidi kutoka mahali pamoja. Ilihitaji vituo vidogo kadhaa, kila kimoja karibu na watu wake, vyote vimeunganishwa kwa waya. Kifaa cha kazi hiyo ni aksesi pointi, ambayo mafundi huiita AP tu.

Kuta kwanza

Anayetaka kuielewa waifai ya Mji Mkongwe aanze na ujenzi wake. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa nusu mita au zaidi ni jambo la kawaida. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa tena, kwa hiyo hata sakafu kati ya ghorofa na ghorofa ni ukuta uliolazwa. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba na virefu, na nyumba moja ina kuta nyingi kuliko mtu anavyodhani akiitazama kutoka kichochoroni. Isitoshe, chokaa na matumbawe hunywa unyevu, na pwani hakukauki. Maji nayo hula mawimbi ya redio.

Vipimo vilichukuliwa kwa simu yenye programu ya kuonyesha nguvu ya ishara. Nguvu hiyo husomwa kwa namba hasi za dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo ishara ilivyo kali. Mapokezi, hatua chache kutoka kwenye ruta, ilisoma karibu -45. Juu ya ngazi, penye uwazi, karibu -58. Ukiingia chumba cha kwanza ukafunga mlango, ukuta mmoja katikati, masafa ya 5 GHz, moja ya masafa mawili ya redio ambayo ruta ile hutumia, yalianguka hadi karibu -80, na chumba kinachofuata yalikuwa yamekwisha. Yale ya 2.4 GHz yalipenya vizuri zaidi, kama yalivyo kawaida yake, lakini yakifika ghorofa ya pili yalikuwa mabaki tu. Tofauti ya desibeli 20 maana yake ni kwamba katika sehemu mia za nguvu imepita moja. Kwa mazungumzo ya video, mafundi hulenga -67 au juu ya hapo.

Hapo ndipo antena nane zinapokosa kazi. Mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili. Ruta inaweza kutuma kwa nguvu inayoruhusiwa yote, lakini simu ya mgeni hutuma kwa nguvu ndogo zaidi ili isimalize betri, na jibu lake lazima lirudi kupitia ukuta ule ule. Ndiyo sababu mgeni huona alama za waifai zimejaa nusu kwenye kioo cha simu na ukurasa haufunguki: yeye anaisikia ruta, ruta haimsikii yeye. Ukiongeza nguvu upande wa ruta peke yake unawavuta watu wengi zaidi waingie katika hali hiyo. Antena nyingi zina faida zake za kweli. Zinaweza kutuma mikondo kadhaa ya data kwa pamoja na kuyaelekeza mawimbi upande alipo mtu. Hakuna hata moja inayotoboa jiwe.

Ripita nazo zilikuwa zimewekwa mahali ambapo ishara imeshachoka, kwa hiyo zilichokuwa zikirudia ni uchovu huo. Kuna tatizo la pili lisiloandikwa kwenye boksi. Ripita ya bei nafuu hupokea na kutuma kwenye chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa, na kila kipande cha data kinasafiri hewani mara mbili, mara kutoka kwenye ruta kuja kwenye ripita, mara kutoka ripita kwenda kwa mgeni. Uwezo unabaki kama nusu. Ripita ya ghorofa ya pili ilikuwa imejishika kwenye ripita ya ghorofa ya kwanza, maana yake nusu ya nusu. Katika nyumba ndogo ya matofali, yenye chumba kimoja tu kisichofikiwa, ripita ni suluhisho la kuridhisha na sioni haja ya kumcheka anayeitumia. Hapa hapana.

Kazi nne ndani ya ganda moja

Kisanduku ambacho watu wengi hukiita "waifai" kinafanya kazi kadhaa kwa pamoja. Kuna sehemu inayopokea faiba na kuibadilisha kuwa umeme wa waya. Kuna ruta yenyewe, inayogawa anwani za IP, yaani namba ya kukitambulisha kila kifaa mtandaoni, na kuutenganisha mtandao wa ndani na wa nje. Kuna swichi, yale matundu ya nyuma ya kuchomeka waya. Na kuna AP, ambayo kazi yake ni moja: kupokea data kutoka hewani na kuiingiza kwenye waya, na kutoa ya kwenye waya kuipeleka hewani. AP safi haigawi anwani na haijali intaneti inatoka wapi. Na kwa kuwa kazi yake ni nyembamba hivyo, inaweza kuzidishwa. Nyumba inaweza kuwa na AP moja au hamsini, ruta ikabaki moja.

Kuchanganya kazi hizi kulikuwa kumeleta tatizo jingine pale mapokezi, ambalo hakuna aliyelihusisha na waifai. Ruta nyeusi ilichomekwa nyuma ya kisanduku cha faiba, na vyote viwili vikawa vinagawa anwani, kila kimoja kwa mtandao wake. Kompyuta ya kaunta ilikuwa upande mmoja, printa upande mwingine. Mhudumu alishazoea kwamba "printa haionekani", akawa anahamisha faili kwa flashi kila mgeni anapotaka risiti.

Ikaamuliwa kwamba kazi zitenganishwe. Kisanduku cha faiba kibaki kupokea faiba tu, waifai yake izimwe. Iwekwe ruta ndogo ya waya isiyo na antena hata moja, inayojua kugawa mtandao katika mafungu. Kutoka hapo iende swichi yenye matundu manane, na kutoka kwenye swichi ziende AP. Ruta nyeusi haikutupwa: ruta nyingi za aina hiyo zina mpangilio wa kuzigeuza kuwa AP tu, na ikahamishiwa kwenye vyumba vya familia chini, ambako inafanya kazi yake vizuri bila kudaiwa miujiza.

Wapi zikae

Mazoea ya hoteli nyingi ni kupanga AP kwenye korido, kwa sababu ni rahisi kufikisha waya na hakuna mgeni wa kusumbua. Katika jengo la kuta nyepesi inakubalika. Katika kuta za nusu mita, AP ya korido inahudumia korido. Suluhisho kamili lingekuwa AP ndogo ya ukutani ndani ya kila chumba, na bajeti haikufika huko.

Nyumba yenyewe ndiyo iliyotoa njia. Vyumba vinne katika vitano vya kila ghorofa vina mlango na dirisha linalotazama roshani ya ndani, juu ya ua. Milango na madirisha hayo ni ya mbao, na mbao, hata ile nene ya zamani, haiyazuii mawimbi kama jiwe linavyoyazuia. Kwa hiyo AP moja iliwekwa kila ghorofa upande wa pili wa roshani, ikitazama milango ng'ambo ya ua. Mawimbi yanavuka hewa tupu kisha mbao, na jiwe linabaki pembeni. Kwa kituo kimoja, vyumba vinne. Chumba cha tano cha kila ghorofa kiko upande wa kichochoroni na hakina dirisha uani. Cha ghorofa ya kwanza ndicho cha bei kubwa kuliko vyote, nacho kikapewa AP yake. Ya nne ilikaa mapokezi, ya tano paani. Cha ghorofa ya pili kiliachwa kwanza, na Bi mkubwa ndiye aliyechagua kipi kisubiri.

Kuvuta waya ndiko kulikokula muda. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na unasimamiwa na mamlaka yake ya uhifadhi, kwa hiyo mtu hatoboi ukuta wa zamani kwa kuwa tu drili anayo. Hata pasingekuwa na sheria, chokaa ya zamani ikitikiswa humomonyoka na kuacha shimo kubwa kuliko ulilokusudia. Waya zilipanda uani zikifuatana na bomba la maji ya mvua, na ndani ziliingia kwa matundu yaliyokwishatobolewa zamani kwa ajili ya umeme na viyoyozi. Kipande kirefu kuliko vyote hakikufika mita 40, na waya wa Ethaneti unaruhusiwa hadi mita 100.

Neno moja kuhusu waya, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Madukani kuna kebo za alumini iliyopakwa shaba, nyepesi na za bei ndogo, zimeandikwa Cat 6, daraja la kebo za mtandao, kama nyingine. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, hupata joto zaidi ukiipitishia umeme wa kulisha vifaa, na hukatika kirahisi ikikunjwa. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe dukani. Sina mjadala juu ya hilo.

Umeme wenyewe ulipita ndani ya waya ule ule wa data, njia inayojulikana kama PoE. Kiwango cha 802.3af kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, na baada ya upotevu njiani kifaa kinahakikishiwa karibu 13. AP hizi zilikula chini ya 10 kila moja. Faida ya kwanza ni kwamba huhitaji soketi kwenye roshani wala paani. Faida ya pili inaeleweka haraka na mkaazi yeyote wa Unguja. Umeme wa kisiwa hiki unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waliokuwepo kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 wanalikumbuka giza la miezi ile. Kukatika kwa siku hizi ni kwa muda mfupi zaidi, ila kupo. Betri moja ya akiba ndani ya kabati la mapokezi sasa inalisha kisanduku cha faiba, ruta, swichi, na kupitia swichi, AP zote tano. Zamani umeme ukikatika ripita zilizimika pamoja na taa.

AP ya paani ilichaguliwa ya nje, yenye ganda lisiloingiza maji wala vumbi. Kwenye mchoro wa kwanza ilikuwa nyuma ya tangi la maji. Tangi lililojaa ni ukuta mwingine, tena mbaya zaidi, ikahamishiwa upande wa meza. Chumvi ya baharini hula viunganishi, kwa hiyo kichwa cha waya kiliingizwa ndani ya ganda na kuzibwa, na waya wenyewe ukaachwa ushuke kidogo kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke chini yasifuate njia ya ndani. Ikawekwa pia kinga ya radi iliyounganishwa na waya wa ardhini.

Kupunguza sauti

Mwenye nyumba alishangaa kuona, baada ya gharama yote ile, kazi ya kwanza kwenye mipangilio ilikuwa kupunguza nguvu ya AP. Sababu iko kwenye simu. Kwa wageni, AP zote zilipewa jina moja na neno la siri moja, ili mgeni akitoka mapokezi kwenda paani asijiunge upya. Lakini anayeamua kuhama kutoka AP moja kwenda nyingine ni simu, na simu nyingi ni ving'ang'anizi: zitaishikilia AP ya mbali mradi zinaisikia, hata kama nyingine ipo juu ya kichwa. AP zikituma kwa nguvu zote, simu inasikia kila mahali na haiachi. Nguvu ikishushwa, ishara ya mbali inafifia mapema na simu inatafuta ya karibu. Kuna viwango vya 802.11k na 802.11v vinavyoisaidia simu kwa kuipa orodha ya vituo jirani na ushauri wa kuhama. Viliwashwa, ingawa ushauri unabaki ushauri.

Chaneli zilipangwa kwa mkono. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizopandana, yaani 1, 6 na 11, na vichochoro vya Kiponda vimejaa waifai za majirani zinazovuja kupitia madirisha. Masafa hayo yaliachwa mapokezi, paani na kwenye AP moja ya roshani kwa ajili ya vifaa vya zamani, kwingine yakazimwa. Kwenye 5 GHz zilitumika 36, 40, 44 na 48, zenye upana wa megahetzi 20 kila moja. Upana mkubwa zaidi unatoa kasi ya kutangazia, lakini AP zenye mikondo miwili kwenye upana huo mdogo zinaweza kuunganisha kifaa hadi megabiti 173 kwa sekunde, na kifurushi cha nyumba nzima kilikuwa megabiti 50. Chaneli nne kwa AP tano maana yake moja irudiwe. Ikarudiwa kati ya mapokezi na paa, vilivyotenganishwa na sakafu tatu za mawe. Kwa mara ya kwanza kuta zile zikafanya kazi ya kumsaidia fundi.

Mtandao uligawanywa mafungu matatu: wageni, familia, na ofisi yenye kompyuta, printa na mashine ya kadi. AP moja inaweza kutangaza majina yote matatu na kuyatenga, kila fungu likipita kwenye waya ule ule kwa alama yake. Katika fungu la wageni kifaa cha mtu hakikioni cha mwenzake. WPS, njia ya kujiunga bila neno la siri kwa kubonyeza kitufe au kuingiza namba fupi, ilizimwa kwenye ruta nyeusi. Udhaifu wa namba hiyo ulitangazwa tangu 2011. Nilipendekeza pia ukurasa wa kujaza jina na namba ya vocha kabla ya kuingia mtandaoni, na hapo Bi mkubwa alinishinda hoja.

"Mgeni ametoka uwanja wa ndege jasho linamtiririka, mimi nimpe fomu?"

Neno la siri la wageni linaandikwa kwenye kadi ya ufunguo na hubadilishwa kila mwezi. Kwa vyumba kumi inatosha.

Kilichobaki

Vipimo vya baada ya kazi vilionyesha vyumba vya roshani vikisoma kati ya -55 na -65, milango ikiwa imefungwa. Ngazi zikabaki za kupandia. Kisha likaja lalamiko jipya: saa mbili usiku mtandao unakuwa mzito, kwa watu wote pamoja. AP haiongezi intaneti hata kidogo. Zamani nusu ya nyumba haikuwa inaupata mtandao kabisa, kwa hiyo megabiti 50 zilionekana nyingi. Vyumba vyote vilipoupata, na kila mmoja akawasha filamu baada ya chakula cha usiku, kifurushi kikaonekana udogo wake. Kila kifaa cha mgeni kiliwekewa kikomo cha megabiti 8, kiasi kinachotosha video nzuri na kumzuia mmoja asiwameze wenzake kwa kupakua mafaili. Miezi michache baadaye mwenye nyumba alipandisha kifurushi.

Chumba cha kichochoroni cha ghorofa ya pili bado kinasoma karibu -74, kiasi cha kusoma barua pepe na si cha mkutano wa video, na mapokezi wameelekezwa wasimpe mgeni anayesema anakuja na kazi. Swichi ina matundu manane: matano ya AP, moja la ruta, moja la ruta nyeusi kule kwa familia. La nane limeachwa kwa ajili ya chumba hicho, wati za swichi zinatosha, na waya umeshavutwa hadi juu ya mlango wake.